Mzigo Ambao Hakuna Aliyempokea Fundi Calist

Jogoo wa kwanza amekwisha kuwika, wa pili bado anasitasita, na hapo hapo mlio unaanza. Du. Du. Du. Unatoka nyuma ya nyumba ya bati huku Unyambwa, pembezoni mwa mji wa Singida, mahali ambapo ukuta wa choo unapoishia ndipo shamba la alizeti linapoanzia.

Ni mlio wa kinu. Mgeni akipita barabarani atasema kuna mama anakoboa mtama wa uji. Akizunguka ukuta atakuta mwanaume wa miaka hamsini na minne, amevaa sweta la shule lisilo na nembo, ameshika mchi kwa mikono miwili. Anaupandisha polepole mpaka usawa wa kichwa, anausimamisha huko kidogo kama mtu anayefikiri, kisha anauachia ushuke.

Pembeni yake, juu ya kigoda, mkewe Luciana anapepeta. Ungo unaruka, makapi yanaondoka na upepo.

"Usihesabu kwa sauti, unawaamsha kuku," Luciana anamwambia.

"Kuku wameamka kabla yangu."

"Basi waachie wakuhesabie."

Mwanaume huyu anaitwa Calist. Majirani humwita Baba Witness kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Wazazi wenye watoto shuleni humwita Fundi, na hawaongezi neno, kwa sababu kwa upande huu wa mji ukisema Fundi na miezi ya baridi imekaribia, kila mtu anajua unamtafuta yule anayefuma masweta.

Na watu wa Singida hawahitaji kufundishwa sweta ni kitu gani. Juni ikiingia, upepo wa huku hupita hata kwenye tundu la ufunguo. Mtoto akienda shule bila sweta, mwalimu hupoteza kipindi cha kwanza akimtazama anavyotetemeka.

Mashine ya Calist ni ya mkono. Ina kichwa cha chuma ambacho fundi hukisukuma kulia na kushoto, na kila kikipita mstari mmoja wa sweta umepatikana. Hakuna umeme, hakuna kanyagio. Kuna mkono wa kulia, mgongo ulioinama, na shingo iliyotangulia mbele kama ya bata anayesikiliza. Amekaa hivyo zaidi ya miaka ishirini. Sweta la mtoto wa shule ya msingi anauza shilingi elfu kumi na tano, akitoa uzi anabaki na kama elfu saba. Msimu ukiwa mzuri anatoa masweta matatu kwa siku. Msimu ukiisha analima alizeti na kungoja mwingine.

"Kwa kazi hii nimejenga, nimesomesha watoto, nimemzika baba yangu kwa heshima," anasema. "Sijui nyingine. Nikiambiwa niache leo, nitakaa wapi?"

Swali hilo halikuwa la mzaha. Juni ya mwaka jana liligeuka kuwa swali kweli.

Alikuwa amepata kazi kubwa kuliko zote alizowahi kupata. Mwalimu mmoja wa shule ya Ulemo, kule Iramba, alikuwa ameona sweta lake kwa mtoto wa ndugu yake akalipenda. Akaagiza masweta zaidi ya mia moja. Calist akakaa kwenye mashine tangu asubuhi mpaka jioni, hata Jumapili baada ya misa. Wiki ya pili bega la kulia likaanza kuuma. Akapaka dawa ya kuchua. Likauma zaidi. Akapaka zaidi.

Kisha asubuhi moja alinyoosha mkono achukue shati kwenye msumari, na mkono haukupanda.

"Nilidhani umelala tu, nimeulalia," anasema. "Nikaungoja uamke. Mpaka saa nne bado naungoja."

Luciana anacheka sasa, ila anasema siku zile hakucheka. "Nilikuwa namvalisha shati kama mtoto wa komunio. Namchana nywele. Akikaa kwenye kile kiti cha mashine, kunyanyuka hawezi, mgongo umekataa. Mtu mzima ananiita, Mama Witness njoo unitoe kwenye kiti. Nikitoka nje nalia, nikirudi ndani najifanya nimetoka kukata mboga."

Kazi ya Ulemo ilimaliziwa na fundi mwingine wa mjini. Mwalimu hakuwa mtu mbaya. Alisema watoto wanapata baridi, hawezi kungoja, ila mwakani Juni atarudi aone kama mkono umepona. Maneno hayo Calist aliyashika kama mtu aliyeshika tawi mtoni.

Hospitali alikutana na mtaalamu wa viungo aitwaye Editha, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya kukata. Editha aliushika mkono, akaupeleka huku na huku mpaka Calist akatoa machozi, akamwambia bega limeganda na misuli ya mgongo imelala kwa kukaa.

"Nakuandikia dawa ya maumivu, baba yangu, lakini hiyo itakusaidia kulala tu, haitakurudisha kazini. Dawa yako ni mazoezi. Kila siku. Unyanyue, ubebe, uinue juu ya kichwa, kidogo kidogo uongeze. Ukiuonea huruma mkono huu, huo ufundi wako uage."

Binti yake Witness, anayefanya kazi ya kuuza simu Dodoma, aliposikia hakungoja kuombwa. Akauliza wenzake, akapata namba ya jimu moja mjini Singida iliyo juu ya duka la vifaa vya ujenzi, akatuma shilingi elfu arobaini za mwezi mzima. Ndipo akampigia baba yake.

"Baba, nimeshalipa. Wewe kazi yako ni kwenda tu."

Calist akaenda. Na hapa ndipo habari yake inapoacha kufanana na za watu wengine.

Jimu yenyewe anaisifia mpaka leo. Ni safi, ina vioo ukutani, ina vyuma vya kila aina, na mwalimu wake, kijana Gerald, anaijua kazi. Tatizo lilianzia mlangoni. Calist alipotokeza kichwa, mtu akapunguza muziki.

"Shikamoo mzee," akasema wa kwanza.

"Marahaba."

"Shikamoo baba."

"Marahaba, hujambo?"

Wakapita wote, mmoja mmoja, jasho likiwatiririka, na aliyekuwa amelala chini ya chuma alikirudisha kwanza mahali pake ndipo akainuka kusalimia. Maana kijana aliyelelewa Singida hamsalimii mzee akiwa amelala chali. Salamu zilipokwisha, kijana mmoja akakurupuka kwenye benchi, akalifuta kwa taulo lake, akasema, "Kaa mzee."

Calist akakaa. Wakamletea maji.

Siku ya pili alijitahidi. Akaenda mwenyewe kwenye vile vyuma vidogo vya mkono, akainama akashika kimoja. Hakijafika magotini, vijana wawili wakawa wamekifikia, mmoja kushoto mmoja kulia.

"Lete, mzee, lete. Unakipeleka wapi?"

"Sikipeleki popote. Nakinyanyua."

"Sisi tupo, mzee, ukinyanyue wewe kwa nini?"

Gerald alikuwa akiona yote na hakujua afanye nini. Kwa wenzake ana sauti kama ya kondakta. Atasimama juu ya kichwa cha mtu na kumfokea aongeze, aache uvivu, nani alimwambia apumzike. Akifika kwa Calist, mikono inakwenda nyuma na sauti inashuka.

"Naomba, mzee, kama hutajali, tungejaribu kunyanyua kidogo. Ukichoka, basi. Au umeshachoka?"

"Yule mtoto ni mwema sana," anasema Calist. "Ubaya wake ndio huo."

Wiki ya tatu alikuwa amezoeleka. Alikuwa na kiti chake karibu na dirisha. Vijana waliogombana kuhusu zamu ya mashine waliletwa kwake awaamue. Mmoja, anayetaka kuoa binti wa watu wa Ikungi, akamwomba awe mshenga wake, na Calist hakukataa kwa kuwa jambo la heri halikataliwi. Alikwenda kutafuta mkono, akarudi na kazi ya ushenga. Bega lilikuwa vile vile.

Mwezi ulipoisha, Witness akauliza kama alipie mwingine. Baba yake akamwambia angoje kidogo.

Akaamua kujaribu nyumbani. Hapa anasema alijidanganya, alifikiri nyumbani ndipo mtu anapokuwa huru. Siku ya kwanza alibeba ndoo ya maji toka bombani. Hakufika nusu ya njia, mama wawili wa jirani wakampokea ndoo, na walipofika nayo nyumbani wakamwuliza Luciana, kwa upole unaochoma, kama anaumwa.

"Kwenye jumuiya wakaniuliza kama nimevunjika miguu," anasema Luciana. "Eti baba wa watu anateka maji, na mimi niko ndani nafanya nini. Nikamwambia, Baba Witness, ndoo iache, utaniua na mkono wako hautapona."

Akajaribu yale mazoezi ya kulala kifudifudi na kujisukuma kwa mikono. Mama yake mzazi, Bibi Severina, anayekaa nyumba ndogo ya jirani, akatoka na kumwona mwanawe amelala chini uwanjani, uso kwenye vumbi. Alipiga yowe lililoleta watu mpaka wa ng'ambo ya shamba. Walipofika walimkuta Calist akijifuta magoti na kueleza. Hakuna aliyemwelewa vizuri. Walimbeba, wakamlaza kitandani, akaletewa uji.

Akajaribu kubeba jiwe. Wakampokea jiwe.

"Ukiwa na ndevu nyeupe huku kwetu, hakuna kitu utakachokishika kikae mkononi," anasema. "Wanakupenda, ndiyo maana. Ukiwafukuza unawatukana. Nikasema basi, Juni itanikuta hivi hivi, nimependwa mpaka nimekauka."

Ilikuwa Septemba. Mtama ulikuwa umeshaingia ndani. Alfajiri moja Luciana alikuwa amekwenda shamba la ndugu yake, na Calist amesimama uwanjani akikumbuka fimbo ambayo Editha alimfundisha kuinua kwa mikono miwili juu ya kichwa. Fimbo hakuwa nayo. Ukutani ulikuwa umeegemezwa mchi.

Akauchukua. Mchi ni mzito kuliko fimbo, na huo wa nyumba hii ni wa mti mgumu, ulichongwa na marehemu baba yake. Akauinua mpaka kifuani. Bega likapiga kelele. Akauinua tena. Alipochoka akaona kinu kipo miguuni, akauacha mchi uangukie humo. Ukalia. Akauinua tena.

Mlio wa mchi ukamtoa nje jirani yake Winfrida, mjane anayekaa nyumba ya pili. Akasimama kwenye uzio wa minyaa. Akaja mwingine. Wakaja watatu. Calist akajua sasa watampokea, akangoja. Hakuna aliyenyoosha mkono. Walikuwa wameziba midomo kwa kanga, mabega yanacheka.

Mwanaume kutwanga. Hapa ndoo hubebwa na mwanaume anayemwonea mkewe huruma, na jiwe hubebwa na mwenye kujenga. Lakini mchi? Anayeshika mchi akiwa na mke hai ama amelishwa kitu, ama kichwa kimehama. Mtu wa namna hiyo hapokewi mzigo. Anatazamwa.

"Nikaendelea," anasema Calist. "Aibu nilikuwa naiona, si kwamba siioni. Lakini nilikuwa nimeshika kitu kizito na hakuna aliyeninyang'anya. Ilikuwa mara ya kwanza toka Juni."

Aliyemsimamisha ni mama yake. Bibi Severina alitoka ndani na mkongojo, safari hii bila yowe, akafika kinuni, akachungulia. Kinu kilikuwa kitupu.

Bibi Severina ana miaka themanini na ushei, amepitia njaa ambazo wajukuu wake wanazisikia tu. Kwake yeye, mlio wa kinu kitupu ni tangazo. Unaiambia njaa kwamba nyumba hii imeisha, njoo. Alipokuwa msichana, anasema, mtoto aliyecheza na mchi kwenye kinu kitupu alichapwa na bibi yake, na baada ya hapo akachapwa na mama yake kwa kuwa bibi alichoka.

Akarudi ndani polepole. Watu wakadhani amekwenda kulia. Akatoka na mtama kwenye sinia, akaumimina kinuni wote, akainua uso akamtazama mwanawe.

"Kama umeamua kuniaibisha," akasema kwa Kinyaturu, "niaibishe na kitu ndani."

Kisha akawageukia wale wa kwenye uzio. "Na nyinyi mwacheni. Atakayemgusa huyu, atautwanga wote peke yake."

Akakaa chini pale pale, miguu ameinyoosha, akaanza kumfundisha. Si hivyo, unaupiga kama unaua nyoka. Uache ushuke wenyewe. Maji kidogo, uloe. Zungusha. Badili mkono.

Habari ikamkuta Luciana njiani kabla hajafika nyumbani. Yeye ndiye aliyekuwa na cha kupoteza zaidi, maana mume akitwanga, anayesemwa ni mke. Asubuhi alisikia mchi umeanza, akabaki ndani akisikiliza. Halafu akachukua ungo na kigoda, akatoka, akakaa pembeni ya mumewe mahali ambapo kila apitaye atamwona, akaanza kupepeta.

"Nilisema kama ni kusemwa, wanione vizuri wasije wakakosea," anasema. "Mimi nilimvalisha shati miezi mitatu. Hao wanaocheka hawakuja kumfunga hata kifungo."

Kusemwa walisemwa. Naftali, fundi baiskeli wa barabarani ambaye ni rika la Calist, walibatizwa mwaka mmoja, alikuwa mkali kuliko wote.

"Fundi, ukimaliza huko pitia na kwangu, kuna mlenda haujachambuliwa."

"Uloweke kabisa, nakuja."

"Na hilo limbwata alilokulisha, Mama Witness alilinunua wapi? Mke wangu anaulizia bei."

"Mwambie aje na mtama wake, nitamweleza nikiwa natwanga."

Wa kwanza kuja na mtama kweli alikuwa Winfrida. Kifua kinamsumbua, kutwanga hawezi, na ule wa mashineni anasema hauna ladha. Alisimama kwenye minyaa siku mbili, ya tatu akaja na beseni. "Baba Witness, kama huo mchi unatafuta kazi, mimi ninayo." Wakafuata bibi wengine wawili. Calist hadai kitu. Wakati mwingine anakuta mayai yamewekwa kwenye kigoda na hajui nani ameyaweka.

Mpaka mke wa Naftali akaleta debe. Aliyelibeba alikuwa Naftali mwenyewe, alfajiri, amevuta kofia mpaka machoni.

"Nimetumwa," akasema.

"Karibu. Kaa usubiri, au ushike upande huu."

Naftali akakaa. Kushika hajashika mpaka leo, ila anakaa karibu zaidi.

Mtu ambaye hakucheka hata kidogo ni Witness. Kuna ndugu alimpiga baba yake picha akiwa na mchi, akaituma kwenye kundi la wosapu la ukoo. Witness akaiona akiwa kazini, mbele ya wateja. Alipopiga simu alikuwa analia.

"Baba, mimi nililipa ili usihangaike. Sasa watu wote wanaona nimekuacha unatwanga. Nilipe miezi mitatu? Nilipe mwaka? Sema tu."

Calist anasema simu ile ilimwuma kuliko bega. Hakujua amweleze vipi mtoto kwamba alichompa kilikuwa kizuri na hakikusaidia. Alijaribu kuzunguka, akashindwa, akasema kama kilivyo. "Mwanangu, kule walinipokea kila nilichoshika. Mimi nahitaji mahali pa kuachiwa."

Witness akakata simu. Kwa wiki kadhaa alikuwa akipiga kwa mama yake tu.

Gerald naye hakutulia. Aliona kiti cha dirishani kiko wazi, akauliza, akaambiwa mzee anatwanga kwao. Jumamosi moja akafika Unyambwa kwa pikipiki, akasalimia nyumba nzima kuanzia kwa Bibi Severina, ndipo akaomba aone. Akatazama kwa makini, akazunguka kinu.

"Mzee, miguu ipanue. Magoti yalegee. Hapo mgongo unafanya kazi yake sasa. Na ukiubadili mkono, usiupunje ule mgonjwa." Ndipo akasema kilichomleta. "Kule sisi tulikuheshimu mpaka tukakunyima mazoezi. Nimekuja kuomba radhi."

"Radhi ipo. Ila siku nikirudi, utanifokea kama wenzangu?"

"Nitajaribu."

"Jaribu hapa."

Gerald akaitoa mikono nyuma. "Ongeza, mzee, usilegee, nani amekwambia upumzike." Na kabla neno la mwisho halijaisha akashika kifua. "Samahani, baba."

Bibi Severina alicheka mpaka wakampa maji.

Kwa hiyo si kwamba Calist anaichukia jimu. Akiulizwa na wenzake wa rika lake, na siku hizi wanamwuliza, anawaambia wenye miaka ya Gerald waende, walipe, watafaidi. Anawaambia vyuma vya kule vya mgongo ni vizuri kuliko kinu. Lakini mtu wa umri wake, anasema, kabla hajauliza bei aulize kwanza nani atakuwa humo ndani na kama watamwacha. Yeye ameamua kubaki nyumbani.

Januari, shule zilipofunguliwa, alikaa tena kwenye mashine. Alianza na sweta moja kwa siku, anasimama kila baada ya muda, anazunguka uwanja, anarudi. Kufikia mwisho wa mwezi alikuwa anatoa mawili. Mwezi uliopita Editha aliushika mkono wake, akaupandisha, ukapanda mpaka ukagusa sikio. Akamwuliza amefanya mazoezi gani. Alipoambiwa akasema aendelee, ila asizidishe siku za baridi. Kuna mahali mkono bado haufiki. Akitaka kujikuna mgongoni, kazi hiyo ni ya Luciana.

Mwalimu wa Ulemo amepiga simu. Hajaagiza masweta yote mia, ameagiza arobaini kwanza, ya darasa la kwanza na la pili. Uzi umeshaletwa, umepangwa kwenye mfuko kando ya mashine. Calist anapanga kuanza mapema, Aprili, ili Juni isimkute anakimbizana nayo. Akiyamaliza vizuri ataomba na yaliyobaki.

Jua sasa limetoka. Alizeti zote zimegeuzia uso upande mmoja. Calist anaegemeza mchi ukutani, anajifuta kwa mkono wa sweta, na simu ya Luciana inaita juu ya kigoda. Ni Witness. Anamtaka mama yake, lakini mama ana ungo mikononi, basi anapokea baba, na Luciana anamwonyesha kwa kidole aweke sauti ya nje.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu. Dodoma wazima?"

"Wazima. Mwambie mama Pasaka nakuja. Nimeshapata ruhusa."

"Anasikia. Ukishuka barabarani nipigie, nakuja kukupokea."

"Usijisumbue, baba. Begi nitabeba mwenyewe."

"Begi nitabeba mimi."

Luciana ameacha kupepeta.

"Baba. Kutoka barabarani mpaka nyumbani, nipite mbele ya watu wote wale mikono mitupu, wewe umebeba begi langu kichwani?"

"Begani," anasema Calist. "La kulia."

"Watanisema."

"Watakusema. Mimi wamenisema toka Septemba, na mama yako pia. Wewe tembea tu mbele, usigeuke kunipokea."

Inasikika sauti ya gari likipita huko Dodoma, na mtu anauliza bei ya simu. Witness anamjibu yule mtu angoje. Anaporudi sauti imeshuka.

"Sawa, baba. Sigeuki."

"Halafu, mwanangu," anasema Calist, "usije na kibegi. Njoo na begi."